Usinimalizie

Ssss.

Nyamaza. Najua unalijua. Limekukaa pale pale kwenye ncha ya ulimi, zima, halina hata kasoro, na unaona uchungu kwa niaba yangu, unataka kunisaidia. Usinisaidie. Nimesaidiwa tangu nina miaka minne, na ona msaada ulivyonifikisha. Niko juu ya roshani, jua liko utosini, mdomo wangu uko wazi, na chini yangu umesimama mji mzima umenikodolea macho. Neno nimeshalianza. Halijatoka. Kama siwezi au sitaki, hilo tutalifikia. Nafasi ipo. Maadamu mimi niko kwenye sauti hii moja, sote tuna nafasi.

Basi sikiliza, na ufumbe mdomo wako.

Katika mji wetu saa haiji mpaka iitwe. Usiniulize kwa nini, sikuujenga mimi. Kwingine nasikia saa zinaingia zenyewe, hazibishi hodi. Kwetu kuna roshani, kuna ngoma, na kuna mtu mmoja anayeitwa Mwita Saa. Ngoma inapigwa mara moja, Mwita Saa anafungua mdomo na kutaja jina la saa inayoingia. "Tatu." Haya, imekuwa saa tatu. Jua linasogea, vivuli vinasogea, maziwa yanachemka, mgonjwa wa kupata nafuu anapata. Asipoitaja, saa tatu haipo. Watu wanabaki ndani ya saa mbili na kila kilichokuwamo: chai haipoi wala hainyweki, na mwenye kikohozi anakohoa kikohozi kile kile.

Mwita Saa alikuwa baba yangu, na kabla yake baba yake. Baba alikuwa na sauti ya kufungua madirisha. Alipofariki kazi ikaja kwa mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na mtoto wa kwanza ni mimi, Vuai, na mimi nina kigugumizi. Mji mzima ulicheka kwa siku tatu. Halafu ukaacha kucheka, maana siku tatu hizo zilichukua muda mrefu sana kwisha.

Mabingwa wakajitokeza. Ebo! Hakuna ugonjwa wenye waganga wengi kuliko huu wangu. Vuta pumzi, Vuai. Polepole, Vuai, kwani nani anakufukuza? Imba, Vuai, mbona wanaoimba hawakwami? Shangazi yangu mmoja alinipiga mdomoni kwa mwiko wa pilau asubuhi saba mfululizo, na asubuhi ya nane akaapa kwamba nimepona, kwa sababu nilikuwa sisemi kabisa. Na wote hao, wakishanishauri, walikuwa na tabia moja. Walitazama pembeni. Mtu akikwama mbele yako unatazama pembeni, unatazama ukuta, unatazama kucha zako, utadhani amevuliwa nguo. Katika maisha yangu ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kutazama pembeni nilipokwama. Alinitazama mdomo. Huyo ni dada yangu Mize, mdogo wangu kwa miaka miwili, na hadithi hii ni yake, mimi nimeshikilia mlango tu.

Lakini kwanza nikwambie kulikoje humu ndani, kwa sababu hakuna anayeuliza.

Wasemaji wazuri wanadhani mtu akikwama ni kwamba neno amelikosa. Sivyo. Neno ninalo, ninalo kuliko wao. Wao neno linawapitia haraka hata hawalioni, limeshatoka, wako kwenye jingine. Mimi nakaa nalo. Nalijua uzito wake, najua lina pembe wapi. Linasimama nyuma ya meno na mimi nasimama nyuma yake, nasukuma, na kadiri ninavyosukuma ndivyo mlango unavyobana, kwa sababu mlango huu unafunguka kwa ndani na mimi ndiye niliyeuegemea. Hili nalijua na halinisaidii chochote. Na humo ndani kuna nafasi, wallahi, kuna nafasi kubwa kuliko nyumba yetu. Nje mnaona mtu ametoa shingo na kukaza jicho kwa pumzi mbili tatu. Ndani mimi nimeshakaa mwaka. Nimeshamkuta Vuai wa miaka saba amejibanza kwenye kona, nimemkuta na Vuai wa miaka themanini, hana jino, anacheka. Tunagombana sisi watatu ni nani alitoe. Mdogo anasema, wataniona. Mzee anasema, walishakuona. Na mimi wa katikati sijui hata ni yupi kati yetu aliyepanda ngazi za roshani asubuhi. Wakati mwingine, neno likishatoka, nashuka ngazi nikiwa na wasiwasi kwamba aliyeshuka siye.

Ndiyo maana nilimhitaji Mize. Na ndiyo maana nilimchukia, tuseme ukweli tu. Tangu utoto nilikuwa naanza, yeye anamaliza. "Mama, nataka m—" "Maji, anataka maji." "Shikamoo, mimi naitwa V—" "Vuai. Anaitwa Vuai." Hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nataka maji kweli, naitwa Vuai kweli, na kila alipopatia nilihisi kitu kimechukuliwa mfukoni mwangu kwa heshima zote. Siku moja, watu wazima sote, nilimfungia mlango wa jikoni nikamwambia. Ilinichukua muda wa kukaanga vitunguu vikaungua.

"U-u-usini... usinim... usinimali..."

Akaniangalia mdomo. Nikaona midomo yake inatetemeka, neno limeshamjaa.

"Usinimalizie," akasema. Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Ah! Nisamehe, kaka. Nisamehe. Basi sirudii."

Nikacheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu ningefanya nini? Lakini ahadi alitoa, na kwa muda aliishika.

Sasa kuna Mlango. Usiuchanganye na huu wa kinywa changu. Upo upande wa pili wa uwanja, unatazamana na roshani, mbao nyeusi, urefu wa watu watatu. Mtu akihukumiwa kutolewa, Mlango unafunguka saa sita ikitajwa, anatoka, na unafungwa saa saba ikitajwa. Hapigwi, haumizwi, anapewa hata mkate. Ila Mlango ukishafungwa, aliyeko nje anasahaulika. Nasema anasahaulika, sisemi anasemwa vibaya. Jina lake linatoka katika kila kichwa cha mji huu, na uso wake, na alichokuwa anapenda kula. Nyumbani kwetu kuna vitanda vinne. Cha Mama, cha Mize, cha kwangu, na kimoja cha kamba kilichoko chumba cha uani, kimetandikwa shuka safi. Hakuna anayejua ni cha nani. Mama hubadilisha shuka yake kila Ijumaa. Ukimuuliza anakitandikia nani, anasimama na shuka mkononi, anafikiri, halafu anakwambia, "Nenda kanunue chumvi."

Basi. Siku ya kosa ilikuwa saa nne ya asubuhi, au tuseme ilikuwa bado. Ngoma ilipigwa, nikafungua mdomo, nne ikagoma. Nnnn. Jirani yetu, Bi Tabia, alikuwa katika uchungu tangu saa kumi na moja alfajiri, na mkunga alikuwa ameshasema mtoto huyu ni wa saa nne, hawezi kutoka kabla. Yule mama alikuwa anapiga kelele zinafika roshani. Na mimi nimekwama. Na kadiri alivyopiga kelele ndivyo nilivyosukuma, na nilivyosukuma ndivyo ilivyobana. Mize alikuwa chini ya roshani ameniletea uji. Alinitazama mdomo. Nilimwona anajizuia, Mungu ni shahidi, aliushika ule mtungi wa uji mpaka vidole vikawa vyeupe. Bi Tabia akapiga ukelele ambao sitausimulia.

"Nne!" akasema Mize.

Ikawa saa nne. Vivuli vikaruka kidogo, na katika nyumba ya tatu mtoto akalia.

Watu walifurahi kwa muda wa kunywa kahawa. Halafu mji ukaweka chini vikombe, kwa sababu kila mtu alikuwa amefika mahali pamoja kwa mawazo, na wa mwisho kufika alikuwa Mudiri Himidi, anayetutawala. Nilikuwepo alipofika. Alikuwa anakunja leso. Akaacha kuikunja.

"Kama saa inakuja kwa mdomo wowote," alisema, si kwa mtu, aliiambia leso, "basi mimi nimekalia kiti hiki kwa ajili gani?"

Kwa maana huo ndio uliokuwa mji wetu wote: saa ni ya roshani, roshani ni ya Mudiri, na Mwita Saa anaita pale anapoambiwa aite. Saa ya kazi alikuwa anaweza kuirefusha. Saa ya kupumzika alikuwa anaweza kuifanya iwe fupi. Leo dada wa watu mwenye mtungi wa uji amesema nne, na nne imekuja mbio. Hukumu ikatoka jioni ile ile. Mize atolewe Mlangoni kesho saa sita, kwa kosa la kuita saa isiyo ya mdomo wake. Na atakayeiita saa sita hiyo ni Mwita Saa halali, kaka yake.

Asubuhi waliniruhusu kumwona. Alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ghala la ngoma, amekaa juu ya gunia, ananyoosha kanga yake magotini.

"Mama kala?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Mlazimishe. Yule asipolazimishwa anaweza kukaa na chai ya jana." Akanisogezea nafasi kwenye gunia. "Kaka, hebu nikuchekeshe. Maisha yangu yote, kila ukipanda zile ngazi, mimi nakuombea dua usikwame. Kila saa. Mara ishirini na nne kwa siku, mpaka usingizini. Nimemchosha Mungu." Akacheka, halafu kicheko kikamshinda. "Leo kwama. Nakuomba. Kwama kabisa, ukwame mpaka wazeeke."

Nilifikiri hilo usiku kucha, lakini kulisikia kutoka kwake kulinifanya nitake kulia. Kwa sababu mtego ulikuwa pale, mzuri, na Mudiri hakuuona. Nisipoitaja saa sita, Mlango haufunguki. Na hawezi kumwambia mtu mwingine aitaje. Akimtumia mdomo mwingine wowote, amekubali mbele ya watu wote kwamba mdomo mwingine unafaa, na kama unafaa, Mize kosa lake ni lipi? Yule bwana alikuwa hana njia ila mdomo wangu, mbovu kuliko yote mjini. Kwa mara ya kwanza katika uhai wangu kigugumizi changu kilikuwa na kazi ya kufanya.

"Nita... nita-ta..." nikamwambia.

"Utakwama," akasema Mize. Halafu akajipiga kofi la mdomo, tukacheka, na askari akagonga mlango.

Ngoma ilipigwa. Mimi juu, Mize chini katikati ya uwanja kati ya askari wawili, Mlango mbele yake umefungwa. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kuta. Mama alikuwa mstari wa mbele, na jirani yetu Bi Tabia pembeni yake na kichanga begani. Mudiri aliketi chini ya mwavuli, na kando yake mtu ambaye sikumtarajia: Bwana Dadi, Mkaguzi wa Midomo. Huyu Dadi alikuwa na kigugumizi kama mimi mpaka alipokuwa mtu mzima, akapona, hakuna anayejua alivyopona, na tangu hapo anavaa suti na hatuwezi kusalimiana bila yeye kutazama mkono wake kutafuta saa ambayo haijaitwa.

Nikafungua mdomo nikwame.

Na neno lilikuwa pale. Tayari. Limesimama mlangoni wazi, halina mtu nyuma yake wala mbele yake.

Unaelewa kilichonipata? Miaka arobaini nimekwama kwa sababu ya kuogopa kukwama. Ndicho kitu chenyewe, hakuna kingine, hofu ndiyo iliyoegemea ule mlango. Leo sikuogopa kukwama. Leo nilitaka kukwama kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Na hofu, mbwa yule, akaniangalia, akaona hana kazi, akaondoka. Kifua changu kikawa kipana. Taya zikalegea zenyewe. Nilihisi ulimi wangu umepumzika kinywani mwangu, mwepesi, na ile sita ikija juu tamu, laini, ya mviringo, sita ambayo baba yangu angejivunia. Ulikuwa ndio ufasaha niliouomba tangu nina miaka minne. Umekuja. Umekuja leo.

Nikaubana. Nikauma meno nikapuliza hewa: sss. Nikatikisa kichwa kama ninavyotikisa. Nikakaza jicho la kushoto, nikatoa shingo. Ss-s-s. Nilikuwa najiigiza mwenyewe. Nilikuwa naiba kutoka kwa Vuai aliyekuwa amepanda ngazi hizi miaka yote, na aliyekuwa ameniachia kazi leo bila hata kuniaga. Kijasho kikanitoka. Kuigiza kitu ambacho hukuwahi kukiona kwa nje ni kazi ngumu. Sikuwahi kuwa na kioo nikiwa nimekwama. Nilijiuliza, hivi kichwa huwa kinaenda kulia au kushoto?

Chini, watu walikuwa wametazama pembeni, adabu zao zile zile. Nikashukuru. Ila Dadi hakutazama pembeni. Alikuwa amesimama. Akaja mpaka chini ya roshani, akainua uso, akafumba macho na kusikiliza tu, na nikaona uso wake unabadilika, ukawa wa mtu aliyesikia wimbo wa kwao ukiimbwa na mgeni.

"Bwana Mudiri," alisema. Akafumbua macho. Nadhani hakupenda alichotaka kusema, nampa haki yake hiyo. "Pumzi inatoka. Aliyekwama kweli pumzi haitoki hivi. Huyu anaigiza."

Uwanja ukavuma. Mudiri akainuka.

"Mwita Saa," akasema, "anayeghushi saa anatoka Mlangoni, na ulimi wake unabaki. Nahesabu pumzi tatu. Ya kwanza."

Mama akakaa chini mavumbini. Watoto wake wawili, siku moja, na asingekumbuka hata mmoja. Angekuwa na vitanda vitatu vya kubadilisha shuka.

"Ya pili."

Nilimtazama Mize. Alikuwa ananitazama mdomo. Kama siku zote, kama kwenye maji, kama kwenye jina langu, alikuwa ananitazama mdomo kwa uso ule wa mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye ngazi. Nikatikisa kichwa: usithubutu. Midomo yake ikatetemeka. Nikatikisa tena. Mize, usithubutu, nakuapia, nitakuchukia mpaka nife, na nimeshakuchukia vya kutosha, usi—

"Sita," akasema Mize.

Ikawa saa sita. Mlango ukafunguka wenyewe.

Sijui kama alinimalizia kwa huruma au kwa mazoea. Nimekuwa nalo swali hilo tangu wakati huo na linanikera kuliko yote. Kama ni huruma, basi alinipa uhai wake na sina pa kumshukuru. Kama ni mazoea, basi dada yangu ametolewa kwa sababu ya kitu kile kile kidogo, cha jikoni, cha "anataka maji". Huenda kwa Mize vitu hivyo viwili havijawahi kuwa viwili. Hasira zangu hazijali. Niliipiga ile roshani kwa ngumi mpaka mkono ukavimba, na nilikuwa nalia, na kamasi zilikuwa zinatoka mbele ya watu wote, hilo nalo liandikwe.

Wakampa mkate wake. Akamkumbatia Mama, Mama hakumwachia, askari wakamtoa kidole kimoja kimoja. Akavuka kizingiti. Upande wa pili hakuna kitu, mchanga tu na mwanga. Akapiga hatua kama kumi, akageuka, akasimama.

"Ngoma," akasema Mudiri.

Ngoma ikapigwa. Ni saba hiyo. Saba ndiyo inayofunga Mlango.

Na nilipofungua mdomo, akarudi. Yule mbwa. Alikuja mbio kutoka alikokwenda, akaruka kifuani kwangu na miguu yote minne, na mlango wa meno ukajifunga pa! kwa sababu safari hii niliogopa. Sikuogopa kukwama, niliogopa kuweza. Hewa ikasimama. Shingo ikatoka yenyewe, jicho la kushoto likakaza, na kichwa kikaenda upande wake, kulia, ni kulia bwana, sasa najua.

Ssss.

Dadi amekuja tena chini ya roshani. Amefumba macho, amesikiliza. Mudiri anamngoja. Na Dadi, ambaye hajakwama kwa miaka kumi na miwili, amefungua mdomo kumjibu Mudiri, na hakuna kilichotoka. Taya yake inacheza. Suti yote inatikisika. Mwisho ameinamisha kichwa tu kwa Mudiri: ndiyo. Hiki cha kweli. Kisha amekaa kwenye ngazi yangu ya chini kabisa, akanipa mgongo, akawatazama watu, na hajaondoka.

Hapo ndipo tulipo.

Sijui tumekuwa hapa muda gani. Neno muda halina maana, saba haijaja. Jua limesimama utosini na hakuna mwenye kivuli. Wali uko motoni nusu mbichi katika kila nyumba. Mtoto wa Bi Tabia ananyonya na hashibi. Mudiri anafuta jasho kwa leso ambayo haikauki. Anaweza kunitoa ulimi, lakini huo ulimi ndio mlango wake, na bila yeye kukubali alichokikataa jana hana mwingine.

Ila kuna jambo linalonisogeza kaburini. Wote wameona. Mara mbili sasa, mbele ya macho yao, saa imekuja kwa mdomo usiokuwa wangu. Kila mtu katika uwanja huu anajua kwamba anaweza. Si lazima awe Mudiri, si lazima awe na roshani. Ni neno moja, silabi mbili, na watakwenda nyumbani, wali utaiva, mtoto atashiba, na hakuna hata mmoja atakayekumbuka kwamba kulikuwa na mtu wa kuonewa uchungu. Hata mimi. Nitashuka ngazi nikijiuliza mkono huu umevimba kwa nini. Na watu hawa, nawajua, hawawezi kuvumilia. Hakuna kitu kigumu duniani kuliko kumsikiliza mtu aliyekwama na wewe neno lake unalo. Naiona midomo yao. Yule wa mstari wa pili, mwenye kofia, ameshaanza kuikunja, anadhani ananifanyia wema. Mama ameinuka mavumbini, amempiga kiganja cha mdomo na hajakiondoa. Bi Tabia amemziba mumewe. Nyuma huko naona kanga mbili tatu zimesokotwa midomoni na wenyewe. Wengine bado wananitazama tu, na wanalo, linawachemka.

Wewe nawe unalo. Umelibeba tangu mwanzo nilipokwambia nyamaza.

Mimi nimechoka. Taya inauma. Na pale ndani mlango unaanza kulegea, nausikia, kwa sababu hofu haikai mahali pamoja milele, huchoka kama mtu. Naitafuta nyingine. Namtazama Mize ili niogope upya. Yuko kule mchangani na mkate wake mkononi, hajaumega, na ananitazama mdomo kama siku zote. Neno limemjaa, namjua, mashavu yamemjaa neno.

Amefumba midomo. Ameikaza mpaka imekuwa mstari. Miaka arobaini nimeomba mtu mmoja tu anisubiri nimalize mwenyewe, na ndiye huyo, ananisubiri.

Ssss